Kinu kipya: nilivyotengeneza vitafunwa visivyo na karanga, bila kuoka

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka 4 nilipogundua kwamba karanga zinamdhuru. Aliuma kipande kimoja tu cha kashata, na muda si mrefu midomo ilikuwa imevimba na vipele vimemjaa shingoni. Daktari alithibitisha kuwa ni mzio, akatukataza karanga na korosho, na akanisisitizia kwamba siku mtoto akipumua kwa shida nisipoteze muda na dawa za nyumbani, bali nimkimbize hospitali.

Nyumbani kwetu Dar es Salaam hatuna oveni, kwa hiyo nilitafuta kitafunwa cha kukanda na kuviringisha tu. Nilichagua tende, kwa kuwa mnato wake hufanya kazi ambayo katika kashata hufanywa na sukari iliyoyeyushwa, kisha nazi, na mbegu za alizeti mahali pa karanga. Jirani alinishauri nitumie ufuta, nikakataa, kwani ufuta nao huwaletea baadhi ya watu mzio mkali, na huko Marekani tangu 2023 sheria inawataka watengenezaji wa vyakula wautaje kwenye vifungashio kama wanavyotaja maziwa, mayai na ngano.

Kuchanganya kwenyewe si kazi. Robo kilo ya tende naitoa kokwa, naziloweka katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 zikiwa ngumu, kisha nazichuja na kuziponda. Naongeza kikombe kimoja cha alizeti iliyomenywa na kutwangwa, nusu kikombe cha nazi, iliki na chumvi kidogo sana, nakanda, naviringisha viduara vya ukubwa wa ndimu ndogo na kuviweka kwenye friji kwa saa moja.

Kazi ilikuwa kwingine. Mara ya kwanza niliipeleka alizeti mashineni, na jioni ile ile vipele vikarudi. Nilipokwenda kuuliza, msagaji aliniambia bila wasiwasi wowote kwamba kabla yangu alikuwa amesaga unga wa lishe, ambao mara nyingi huchanganywa na karanga na soya. Nikarudi kwenye kinu cha nyumbani, nikakumbuka kwamba mama mkwe alikitumia miaka mingi kutwangia karanga za kisamvu, na mti hunywa mafuta. Nilikiosha mara tatu, nikakinusa, bado kilinukia karanga. Ikabidi ninunue kingine kidogo, ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Hata tende zilikuwa na mtego wake, kwa sababu muuzaji alikuwa akizichota kwa kikombe kile kile cha korosho, na tangu hapo nanunua pakiti iliyofungwa kiwandani. Alizeti nanunua na maganda yake, naitwanga polepole na kuipepeta kwa ungo. Inachosha, na sitamdanganya mtu kwamba haichoshi.

Kosa jingine lilikuwa la nazi. Nilitumia nazi mbichi, iliyotoka kwenye mbuzi muda huo huo, na siku ya pili vitafunwa vilikuwa vimechacha. Sasa natumia machicha yanayobaki baada ya kukamua tui la wali, ambayo zamani nilikuwa nawapa kuku. Nayakausha kwenye kikaango kisicho na mafuta, kwa moto mdogo, hadi yawe makavu na kuachana, na hivyo viduara hukaa kwenye friji wiki nzima bila kuharibika.

Mama mkwe, ambaye mwanzoni aliniuliza, "Kashata bila karanga ni kashata gani hiyo, mwanangu?", alikichukua kinu cha zamani akaenda nacho kwake. Kila akija huonja kimoja, na hukumu yake mpaka leo ni kwamba utamu umezidi. Nakubaliana naye. Ndiyo maana siku hizi navunja buyu zima mwenyewe, nachekecha unga wake na kutia kijiko kimoja, ili uchachu wake uukate ule utamu wa tende.