Zimebaki siku 23

Jumapili, 26 Januari 2025

Tarehe 18 Februari kinatoka Monster Manual kipya, kitabu cha mazimwi, cha mwisho katika vitabu vitatu vikuu vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, vilivyoandikwa upya. Cha wachezaji kilitoka Septemba, cha msimulizi anayeendesha mchezo Novemba, na tangu hapo meza yetu inaishi nusu huku nusu kule: mashujaa wa vitabu vya 2024 wanapigana na mazimwi ya toleo la 2014.

Jana usiku pengo lilionekana. Binti wa kaka yangu anacheza mpiganaji wa shoka, na kwa kanuni mpya shoka likimpata adui linaweza kumwangusha. Zimwi ambalo mimi msimulizi nililiandaa wiki nzima lilianguka, likainuka, likaanguka tena, na kila lilipolala wenzake walilishukia. “Shangazi, bado liko chini?” Bado. Lilikufa raundi ya pili, halijamjeruhi mtu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na haya ya zamani yametuzoea mno, hata kutuuma hayatuumi.

Kwa hiyo nakitaka kitabu. Mazimwi zaidi ya 500, dola 49.99, yaani kama shilingi 6,500 za Kenya kabla ya nauli ya kukifikisha Mombasa. Naweka kidogo kidogo.

Lakini kuna kitu ninachokingoja kuliko kitabu chenyewe. Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, wameahidi kwamba kikishatoka, watatoa bure kanuni mpya za msingi kwa leseni ya Creative Commons. Za zamani walizitoa hivyo Januari 2023, baada ya wachezaji kuja juu kupinga mpango wa kubadili leseni ya awali. Hiyo Creative Commons inamruhusu yeyote kutafsiri, mradi ataje zilikotoka. Kumbe na Kiswahili kimo!

Nina daftari la jalada gumu ninalotafsiria tangu mwaka juzi. “Zamu” na “raundi” hazikunipa taabu. Neno lililonitesa ni la lile dadu la pande 20 unalorusha ili sumu au uchawi usikudhuru. Kwanza niliandika “dadu la kuokoa”. Nikalifuta, linamwokoa nani? Nikajaribu “dadu la wokovu”, watoto wakaanza kuimba pambio. Nikafuta tena, karatasi ikakaribia kutoboka, ndipo nikaandika “dadu la kujinusuru”.

Jana, buibui alipomuuma mhusika wake, mtoto wa jirani aliinuka kitini akiwa ameshika dadu. “Ngojeni, ngojeni, nirushe la kujinusuru!” Hakuniuliza neno, wala hakuna aliyemuuliza maana yake. Akapata 17. Wageni walipoondoka nilifungua daftari nikatia alama ya vyema kando ya neno hilo, kwa wino mwekundu.

Kurasa za mazimwi bado tupu. Juu ya kila moja nimeandika jina tu, joka, jitu, pepo, mzuka, kwa penseli.