Nilivyofanikiwa kufuga perege wetu wa asili bila kumchanganya na sato

Mi nipo huku Mwanga, jirani na bwawa la Nyumba ya Mungu, na kibwawa changu cha kufugia nilikianza na sato kama kila mtu. Ndo bwana samaki mmoja akanistua kwamba perege wetu, kitaalamu wanamwita Oreochromis jipe, dunia nzima yupo mto Pangani tu na maji yake, ziwa Jipe na hili bwawa letu la Nyumba ya Mungu, na yupo kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Aisee nilibisha, samaki nimemla na ugali tangu mtoto, atatowekaje?

Kumbe shida mojawapo ni sato mwenyewe. Anapandana na hawa wa asili, wanatoka machotara. Angalia mkia: sato ana mistari ya kusimama imepangana mkia mzima, wetu hana, ukikuta nusunusu huyo wa kikaangoni.

Safari ya kwanza nilibeba 12 kwenye ndoo, juu ya boda, saa saba mchana jua linawaka, nikafika na 2 wanahema juujuu na jioni wakafa. Safari ya pili nikamuomba mzee mmoja wa mtumbwi anitolee wa alfajiri kabla hawajachubuka na nyavu, nikawatia kwenye dumu lililokatwa juu, maji nusu, gunia bichi juu yake. Wakapona 8.

Sato nilishawatoa wote, nikakausha bwawa mpaka tope likapasuka maana vifaranga vinajificha kwenye vidimbwi, na bomba la kutoka mferejini nikalifunga chandarua.

Mwezi wa pili tangu niwatie bwawani nikaona mmoja hali chakula, kidevu kimevimba, nikajua mgonjwa huyo, nikamvua. Mara akaanza kutema vitoto mkononi mwangu, vidogo kama punje za mtama zenye macho, nikachanganyikiwa nikamrudisha mbio. Kumbe jike anatunza mayai na watoto mdomoni, ukimshtua anatema, kwaiyo saivi kidevu kikivimba simgusi. Ukipita pale asubuhi kivuli chako kikigusa maji vitoto vyote vinakimbilia mdomoni kwa mama, sekunde tu havipo.

Hawakui haraka kama sato, hilo nakiri. Juzi shemeji kaja na ndoo ya vifaranga wa sato, ati tuchanganye biashara ichangamke. Nikamwambia karibu chai shemeji, ila hiyo ndoo iache nje ya geti.