Kapchorwa hadi Bukwo kwa pedali

Jamaa zangu waliponiuliza kwa nini nisipande gari kutoka Kapchorwa kwenda kwetu Bukwo, mashariki mwa Uganda, niliwajibu kwamba nataka kuiona barabara. Wakacheka. Barabara ina nini? Kwa aliyebaki, lami ni lami tu. Mimi niliondoka wakati zile kilomita 73 za Kapchorwa hadi Suam, mpakani na Kenya, zilikuwa tope la kumeza lori. Mvua ikizidi, mtu wa Bukwo mwenye shughuli huko makao makuu ya wilaya, Kapchorwa, alilazimika kutoka nje ya nchi: anavuka Suam, anazunguka na Kitale ya Kenya, kisha anaingia Uganda tena kwa mpaka mwingine. Mwaka 2005 tukapewa wilaya yetu, lakini lami ilisubiri sana. Hata Kiswahili changu ni cha sokoni Kitale, maana Kitale ilikuwa karibu kuliko serikali yetu.

Basi nikaazima baiskeli ya giya ya binamu yangu, nikafunga mkoba kwenye karia, nikatoka alfajiri baridi ikiuma masikio.

Njia hii mwenye gari haijui. Inakata ubavu wa kaskazini wa Mlima Elgon, na kila mto unaoshuka kutoka juu umejichimbia bonde lake. Unateremka umeshika breki mpaka vidole vinakufa ganzi, unavuka daraja, halafu unaanza kulipa deni. Kushoto nchi inaporomoka hadi tambarare za Karamoja, na kule mbali Mlima Kadam umesimama peke yake. Kulia ni mahindi, viazi, na kahawa chini ya migomba, mashamba yamepanda hadi karibu na msitu wa hifadhi.

Kwenye kilima cha kwanza watoto wa shule walinipita. Kwa miguu. Mmoja alikuwa na madaftari ndani ya mfuko wa nailoni, hata hahemi, akaniambia, "Pole, mzee." Mzee! Mganda mwenzangu Stephen Kiprotich alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 nilikuwa Uingereza, na wenzangu kazini walinibana niwaeleze siri yake. Asubuhi hiyo siri niliiona mgongo, ikipotelea kwenye kona na madaftari yake.

Nilikuwa nimeshapita Kapkwata mnyororo ulipokatika. Sijamaliza kutukana, nikasikia sauti kutoka juu ya barabara: "Mwanangu, njoo ukae kivulini kwanza."

Alikuwa mama mtu mzima, leso kiunoni. Nikamwamkia, akaniuliza mimi ni wa nani, na babu yangu ni wa nani, na mama yangu ametoka wapi, mpaka tukafika kwa mtu mmoja tunayemjua sote, marehemu tayari. Hapo ndipo akaenda kuleta kibuyu. Alikitikisa taratibu huku kiganja kimeziba mdomo wa kibuyu, akamimina maziwa lala kwenye kikombe cha bati. Yalikuwa mazito, yana vipunje vyeusi vya mkaa, na ladha ya moshi ambayo huko nilikokuwa niliitafuta kwenye kila mtindi wa dukani bila kuipata.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Yeye hakunipa hata saa moja. Alinisogezea ungo wa mahindi, "usikae bure," nikaanza kupukuchua huku mwanawe akihangaika na mnyororo. Aliweka msumari juu ya kipini, akagonga kwa jiwe, akaondoa kipande kilichovunjika na kuunga vilivyobaki. Mnyororo ukawa mfupi, na giya ya milimani haikushika tena. Bonde zilizosalia nilizipanda nasukuma.

Nikamuuliza mama kuhusu lami. Anaipenda, alisema bila kusita: mjamzito sasa anafika hospitali kabla hajajifungulia njiani. Zamani malori yakikwama pale bondeni, abiria walilala kwake, wengine siku kadhaa, na alipata marafiki hadi Mbale. "Siku hizi wanapiga honi tu." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Mimi nisingeirudisha ile tope hata kwa kibuyu kizima, lakini nimeona kwamba baiskeli mbovu bado inaweza kumkwamisha mtu mahali pazuri.

Nilipotoa hela, uso wake ulibadilika. "Kwani hapa umeona hoteli?" Nikazirudisha mfukoni haraka. Alichotaka ni namba ya simu ya mama yangu, nikampa bila kufikiria.

Nilifika nyumbani jua likizama. Mama alikuwa mlangoni na habari zote tayari: kwamba mnyororo ulikatika, kwamba nilikunywa vikombe vitatu, na kwamba Uingereza imeniharibu, siku hizi napukuchua mahindi kama mtu anayehesabu punje.