Saini Niliyoweka Juu ya Mbuzi ya Nazi

Hodi ilipigwa saa nne kasorobo usiku, nimeshajifunga khanga ya kulalia na taa ya sebuleni nimeizima. Ilikuwa Oktoba 2016, Morogoro, vumbi bado halijaonja mvua ya vuli.

"Mama mjumbe, shikamoo. Samahani kwa usumbufu, tunakuhitaji hapo nyumba ya tatu. Dakika tano tu."

Nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa tangu uchaguzi wa Desemba 2014. Mwenyekiti wetu alikuwa amekwenda msibani Kilosa, kwa hiyo usiku ule serikali ya mtaa ilikuwa mimi. Nikajitanda, nikafuata tochi ya askari.

Nyumba yenyewe naijua. Mama wa yule kijana alikuwa akiniletea vitumbua kila Ijumaa kabla hajarudi kwao. Nilipovuka kizingiti, upekuzi ulikuwa umeshakwisha. Godoro la chumbani limesimamishwa ukutani, sufuria zimemwagwa, na katikati ya sebule, juu ya mkeka, lipo begi la kahawia limefunguliwa zipu. Mbele yake simu 11 zimepangwa safu mbili kama mafungu ya samaki gengeni, na kompyuta mpakato moja. Kijana amekaa chini, pingu mikononi, amegeuzia uso ukutani. Aliposikia sauti yangu akageuka.

"Mama, hilo begi mimi sijui limetoka wapi."

Akaambiwa anyamaze. Askari mmoja akatafuta mahali pa kuandikia, meza hakuna, akaivuta mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa mlangoni, akaikunja na kuilaza karatasi juu ya ubao wake. Karatasi ilikuwa imeshajazwa: simu kwa aina zake, kompyuta, tarehe, saa. Chini palikuwa na nafasi ya mtuhumiwa na nafasi ya shahidi. Biro haikutoa wino. Nikaikwaruza kwenye kiganja mara mbili tatu ikashika, nikaandika jina langu, nikasaini. Ubao bado ulikuwa na chicha za nazi, zikaacha doa la mafuta pembeni mwa karatasi.

Sikuuliza kitu. Hilo ndilo lililonitesa baadaye, zaidi ya yote yaliyofuata. Nilijiambia hawa ni watu wa serikali na mimi ni mtu wa serikali, kazi yangu ni kuwapa mkono. Tena duka lililovunjwa siku tatu kabla lilikuwa la jirani yetu, fundi simu aliyekopa VICOBA ili ajaze bidhaa, na nilimwona kwa macho yangu asubuhi ile ameketi kwenye ngazi ya duka tupu, hawezi hata kusema. Nilitaka mali yake ipatikane. Ilipopatikana, sikutaka kujua zaidi.

Mwezi Machi 2017 ukaja wito wa mahakama ya wilaya: niende kutoa ushahidi upande wa mashtaka. Binti wa kaka yangu alikuwa mwaka wa tatu akisoma sheria Mzumbe, na wikiendi ile alikuja kufua kwangu. Nikamwonyesha wito. Akauliza swali moja tu, huku anakamua shuka:

"Shangazi, uliliona begi likitoka wapi?"

Nikamwambia nililikuta mkekani.

Akaanika shuka, akaja kuketi barazani. "Mimi sikufundishi la kusema," akaniambia, "ila ujue kwa nini watakuuliza." Akanieleza taratibu, kama anayeogopa kunivunja moyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 38, inataka polisi wanaoingia nyumba ya mtu wawe na hati ya upekuzi, au kibali cha maandishi cha mkuu wa kituo iwapo kuchelewa kutafanya kitu kifichwe au kiharibiwe. Kikichukuliwa kitu, askari atoe stakabadhi, yenye saini ya mwenye nyumba au ndugu yake na ya mashahidi walioushuhudia upekuzi. Kifungu cha 40 kinataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya macheo na machweo, mpaka mahakama iruhusu vinginevyo. Cha 42 kinaruhusu upekuzi wa dharura, njiani au nyumbani, bila hati, lakini dharura yenyewe lazima iwe ya kweli, nzito, isiyongoja.

"Na wasipofuata?" nikauliza.

"Hapo ndipo sisi tunatofautiana na wakoloni," akasema. Akanisimulia habari ya Kuruma, mwana wa Kaniu, Mkenya wa zama za hali ya hatari, wakati wa Mau Mau. Alikuwa anaendesha baiskeli, akafika kwenye kizuizi cha polisi barabarani, na njia nyingine isiyo na kizuizi ilikuwepo. Akasimamishwa, akapekuliwa na askari wa cheo cha chini kuliko kile kilichotajwa na kanuni zenyewe za hali ya hatari. Wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha kukunja. Kisu hakikuletwa mahakamani. Watu wengine waliokuwepo wakati wa upekuzi hawakuitwa. Akahukumiwa kifo. Rufaa yake ilifika mpaka Baraza la Malkia huko London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, na Desemba 1954 Lord Goddard akasoma uamuzi: ushahidi ukihusika na shauri, mahakama haijali umepatikanaje. Wazee wale wa London wenyewe hawakuwa na raha, wakapeleka suala la kile kisu na wale mashahidi kwa waziri wa makoloni. Lakini rufaa waliitupa.

Nilikaa kimya. Nilikuwa namwona yule mtu na baiskeli yake, na kisu ambacho hakuna aliyekileta.

"Sisi tangu 1985 tuna kifungu cha 169," binti akaendelea. "Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria hakimu asiupokee, isipokuwa aridhike kwamba kuupokea kutaufaa umma kwa namna mahususi na kubwa, bila kumwonea mtu katika haki zake. Na anayepaswa kumridhisha hakimu ni yule anayetaka ushahidi uingie. Siyo mshtakiwa."

Usiku ule sikulala vizuri. Siyo vifungu vilivyoninyima usingizi. Ni ile nafasi ya shahidi chini ya karatasi. Nilikuwa nimethibitisha kitu ambacho sikukiona.

Siku ya shauri, ukumbini, askari mmoja alinisogelea kwa heshima zote. "Mama, usituangushe. Ni kusema tu ulivyosaini." Sikumjibu. Nikaapa kwa Msahafu. Mwendesha mashtaka akanionyesha hati ya ukamataji mali, na kabla sijaitambua saini nililitambua doa la nazi.

"Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

Kisha akasimama wakili wa utetezi, kijana mpole, hakuinua sauti hata mara moja.

"Shahidi, ulipoingia ndani begi lilikuwa wapi?"

"Juu ya mkeka, sebuleni."

"Nani alilitoa lilikokuwa?"

"Sikumwona."

"Lilikuwa limefungwa au limefunguliwa?"

"Limefunguliwa."

"Kuna karatasi yoyote aliyopewa mwenye nyumba?"

"Sikuona ikitolewa. Walichukua ile moja, wakaondoka nayo."

"Kwa hiyo ulisaini nini, mama?"

Ukumbi ulinyamaza. Nikasema nilisaini kwamba niliviona vitu vile pale. Vimetoka wapi, siwezi kusema mbele ya Mungu. Nilipotoka kizimbani magoti yalikuwa yananitetemeka, na yule fundi simu alikuwa benchi la mbele, ananiangalia kama mtu asiyenijua.

Hukumu ilisomwa miezi mitatu baadaye, kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa wakati ule kabla sheria haijabadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Watu wa mtaa wetu tulikuwa sita mle ndani na hakuna aliyeelewa sentensi mbili mfululizo. Inaniuma mpaka leo kwamba mama wa kijana, aliyekuja kwa basi la usiku, alijua mwanawe ameachiwa pale tu askari magereza alipomgusa bega.

Yule binti wa kaka yangu alinitafsiria nakala baadaye. Hakimu alikuwa amepima jambo kwa jambo. Askari mwenyewe alikiri alipewa taarifa za kijana yule saa saba mchana. Kutoka saa saba hadi saa nne kasorobo usiku muda wa kuomba hati ulikuwepo, kwa hiyo dharura haikuwepo. Kibali cha mkuu wa kituo hakikuletwa. Stakabadhi haikutolewa. Hapo ndipo nilipomsimamisha binti. Nilitaka kujua: je, kukosekana kwa stakabadhi peke yake kungetosha?

Si lazima, akasema. Majaji wa Mahakama ya Rufani hawalipimi kila kosa kwa mizani moja. Zipo kesi ambazo hati ya ukamataji iliyosainiwa na mtuhumiwa na shahidi huru imeonekana kutosha, na zipo ambazo vielelezo vimeondolewa kwenye kumbukumbu za shauri. Hakimu wetu alitegemea rufaa ya Selemani Abdallah na wenzake, namba 384 ya mwaka 2008, ambamo majaji walieleza stakabadhi na saini za mashahidi ni za nini: kuhakikisha kwamba mali haikutoka mahali pengine popote ila pale palipoandikwa, ili malalamiko ya kubambikiwa yapungue. Na saini pekee ya shahidi huru katika kesi hii, hakimu akaandika, ni ya mtu aliyefika baada ya kazi kwisha.

Yaani karatasi ingeweza kusimama. Iliyoiangusha ni saini yangu.

Fundi simu alirudishiwa mali yake baadaye, baada ya kuonyesha risiti za manunuzi. Lakini aliyemvunjia duka hakufungwa, na hilo ni haki yake iliyopotea. Kama alikuwa kijana yule, ameponea kwenye uzembe wetu. Kama siye, mwizi halisi hakutafutwa tena. Fundi alinijia siku moja nikiteka maji.

"Dada, ungesema tu uliliona."

"Ningelikuwepo ningesema."

"Si ulikuwepo?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilipotaka kumweleza, alikuwa ameshaondoka.

Februari 2018 hodi ikapigwa tena, safari hii saa kumi jioni, nyumba ya upande wa mtoni. Askari wanne. Niliwakuta bado nje, nikasimama mlangoni nikiwa nimeshika fremu kwa mikono miwili. Nikaomba kuiona hati. Walikuwa nayo, yenye mhuri. Nikaisoma yote. Kisha nikawaambia wageuze mifuko yao kwanza, mbele yangu na mbele ya mwenye nyumba, kabla hawajaingia.

Mmoja alikunja uso. Mkubwa wao akamtazama, akavua koti, akanikabidhi. Nikatia mkono mfuko wa kulia: funguo, vocha ya shilingi 500 iliyokwaruzwa, peremende mbili. Nikatia mkono mfuko wa kushoto.