Njia ni ya wote, mashimo ni ya nani?

Kuna barabara moja huku Angus, mashariki mwa Uskoti, ambayo mtu yeyote ana haki ya kuipita na hakuna hata mmoja anayetaka kuitengeneza. Inaachana na lami nyuma ya ghala la viazi, inapanda katikati ya kuta mbili za mawe, inapita nyumba nne na kuishia kwenye shamba la kondoo. Nyasi zimeota katikati yake, na kwa gari langu dogo zinasugua tumbo mwanzo hadi mwisho. Mvua ikinyesha, na huku mvua haina haya, mashimo yote yanajaa maji na kufanana. Hujui lipi lina kina cha kidole na lipi litaondoka na springi yako.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Asubuhi namwamsha huyu, namvisha, nampa dawa, tunakunywa chai, kisha namkimbilia mwingine bonde la pili. Kwa hiyo barabara za kaunti hii nazijua kwa kuzikalia. Na kwa muda mrefu nilidhani hiyo barabara ya ghala la viazi imesahauliwa tu, mtu akipiga simu halmashauri watakuja na gari la lami. Mama mmoja wa nyumba ya tatu ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, mwanangu, hii ni barabara binafsi, haimo kwenye orodha.

Orodha yenyewe ni kitu halisi. Kila halmashauri ya Uskoti, kwa Sheria ya Barabara ya 1984, huweka orodha ya barabara za umma ilizokubali kuzihudumia. Iliyomo ndani inazibwa mashimo na inamwagiwa chumvi wakati wa barafu kadiri zamu inavyofika. Isiyomo, shauri ya waliopakana nayo. Lakini sheria hiyohiyo inasema "barabara" ni njia yoyote ambayo umma una haki ya kupita. Yaani barabara inaweza kuwa binafsi na bado mimi, wewe, na mwendesha baiskeli kutoka Ujerumani tukawa na haki ya kuipita. Ubinafsi wake uko kwenye koleo na changarawe, hauko kwenye miguu ya watu. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu garini.

Wenye nyumba zile nne hukutana kuchangishana. Wananunua vipande vya lami kuukuu iliyokwanguliwa barabara kuu, trela zima la trekta, wanamwaga kwenye mashimo na kushindilia kwa tairi. Ubishi wao haubadiliki: wa nyumba ya mwisho anaitumia barabara yote, wa kwanza anatumia hatua chache tu, je, walipe sawa? Wa kwanza anasema hapana. Wa mwisho anasema malori ya mafuta ya kupashia nyumba joto yanageuzia kwa yule wa kwanza na ndiyo yanayochimba. Mimi ninayepita kila siku bila kutoa hata peni hunyamaza na kumaliza chai yangu.

Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1669 Bunge la Uskoti lilitunga sheria ya kuwalazimisha wapangaji wa mashamba na vibarua kutengeneza barabara za eneo lao kwa siku kadhaa kila mwaka, bila malipo, na farasi na mikokoteni yao. Unaweza kukisia walivyofanya kazi hiyo. Yakaja mageti ya ushuru: lipa ndipo upite, na fedha hiyo itengeneze njia. Sheria ya 1878 ikayaondoa, na kufikia 1883 yalikuwa yamekwisha nchi nzima. Ukipita barabara za huku utaona vijumba vya mawe vimejitokeza hadi ukingoni mwa barabara, dirisha moja likitazama kila upande wa njia. Vile ndivyo walivyokaa watoza ushuru.

Barabara za halmashauri nazo zina mambo yake. Chukua B955 inayotoka Kirriemuir kuingia bonde la Clova. Ikifika daraja la Gella inagawanyika, tawi moja kila upande wa mto South Esk, kisha matawi yanakutana tena Clova penyewe. Sehemu kubwa ni barabara ya gari moja. Kila baada ya mwendo kidogo pana kipande kilichopanuliwa pembeni, na kibao cheupe, ili magari yapishane. Kama kipande kiko kushoto kwako, unaingia; kikiwa kulia, unasimama usawa wake na kumwacha mwenzako aingie. Anayepanda mlima hupishwa. Aliye nyuma yako na haraka zake naye hupishwa, jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Na ukipishwa, unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kimoja kinatosha. Mimi mwanzoni nilikuwa napunga mkono mzima kama aliyemwona ndugu yake bandarini, na wakulima wakawa wananitazama kwa wasiwasi.

Ugonjwa wa majira ya kiangazi ni watu kuegesha magari-nyumba kwenye hivyo vipande vya kupishana, wakatoa viti na kuchemsha chai. Siku hiyo mgonjwa wangu anachelewa dawa. Sina la kiungwana la kusema hapo.

Kinachoniumiza kichwa zaidi mwaka huu, hata hivyo, ni njia ya miguu.

Uskoti haina ramani za kisheria zinazokuonyesha njia za umma za miguu, kama walizo nazo halmashauri za England. Hata ramani za serikali zina onyo kwamba kuchorwa kwa njia si ushahidi kuwa kuna haki ya kupita. Ushahidi ni miguu. Njia ya zamani inahesabika kuwa ya umma kama inaunganisha sehemu mbili za umma, kama mkondo wake unajulikana, na kama watu wameipita waziwazi, kwa amani, bila kuomba ruhusa, kwa miaka 20 mfululizo. Na upande wa pili ni mkali vilevile: isipopitwa kwa miaka 20 mfululizo, haki inakufa.

Angus ndiyo iliyotoa kesi mashuhuri kuliko zote za aina hii. Juu kabisa ya Clova, kutoka bonde la Glen Doll, kuna njia inayopanda mlimani na kuvuka hadi kijiji cha Braemar, kama kilomita 22. Waswaga mifugo waliitumia kupitisha kondoo. Miaka ya 1880 bwana mmoja, Duncan Macpherson, aliyerudi na utajiri wake kutoka Australia, alinunua eneo hilo na kutaka watu wasipite. Chama cha kutetea haki za njia, kilichoanzishwa Edinburgh mwaka 1845 na ambacho bado kipo, kikampeleka mahakamani. Wakaletwa wachunga kondoo kueleza walivyokuwa wakiswaga kondoo kutoka Braemar hadi mnada wa Cullow, karibu na Dykehead. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi huko London, mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, na mwaka 1888 Macpherson akashindwa. Fedha za pande zote mbili ziliteketea. Lakini sheria ya 1894 iliyofuata ikazipa serikali za mitaa jukumu la kuzilinda njia kama hizo, na njia yenyewe leo inaitwa Jock's Road, kwa jina la Jock Winter, mswaga mifugo wa enzi hizo.

Usiichukulie kama matembezi ya jioni. Inapita zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na Januari 1, 1959 wapanda milima watano kutoka Glasgow walifia huko kwenye dhoruba wakitokea Braemar. Baadaye kikajengwa kibanda cha kujihifadhi, Davy's Bourach, kimejikunyata chini na udongo wenye majani umefunika paa.

Watu huniambia mambo haya yote yamepitwa na wakati. Kuna Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya 2003, iliyoanza kutumika Februari 2005, inayomruhusu kila mtu kutembea, kuendesha baiskeli au kupanda farasi karibu kila mahali, mchana na usiku, mradi awe na adabu: funga geti ulilolikuta limefungwa, usikanyage mazao, mbwa awe karibu nawe wakati kondoo wanazaa. (Na mbwa si mzaha. Tangu sheria ya 2021, mwenye mbwa aliyeshambulia mifugo anaweza kutozwa hadi pauni 40,000 au kufungwa miezi 12.) Kwa hiyo, wanasema, ya nini kuhangaika na vijia vya mababu?

Jibu langu ni kijia cha nyuma ya kanisa la zamani katika kijiji ninachoishi. Kinaanzia barabara kuu, kinapita ukingoni mwa msitu, kinakatiza ua wa nyumba ya shamba na kutokea makaburini. Novemba 2021 dhoruba Arwen iliangusha miti sehemu hiyo kama njiti. Ukisimama pale uliona mizizi imesimama wima kama kuta, juu ya kimo cha mtu, na udongo mwekundu ukining'inia. Kijia kikapotea chini ya magogo. Muda mrefu hakuna aliyelalamika, wote tulikuwa tunasubiri misumeno. Magogo yalipoondolewa, mwenye shamba, ambaye si yule wa zamani, alikuwa ameweka uzio mpya wa waya na geti la chuma lenye mnyororo na kufuli pale njia inapoingia uani.

Na hapo ndipo sheria ya 2003 inaponyoosha mikono. Haki yake haiingii kwenye ua wa jengo wala kwenye eneo linalohitajika ili wenye nyumba waishi kwa faragha na utulivu. Mwenye shamba anaijua hiyo ibara kwa moyo. Alinisomea kwenye simu yake huku amesimama upande wa pili wa geti, kwa upole kabisa. Ila haki ya njia ya zamani ni kitu kingine. Imeshikamana na mkondo wenyewe, na kama mkondo unakata uani, unakata uani. Tukithibitisha ile miaka 20, kufuli linatoka. Tukilala hadi miaka 20 ya kutopita itimie, basi.

Kwa hiyo nimekuwa nakusanya ushahidi. Ofisa wa njia wa halmashauri alinieleza anachohitaji: nani alipita, kuanzia mwaka gani hadi upi, mara nyingi kiasi gani, alikuwa anaenda wapi, na je, aliwahi kuomba ruhusa au kuzuiwa. La ruhusa ndilo lenye mtego. Bibi mmoja alianza kwa kunisifia mwenye shamba wa zamani, jinsi "alivyokuwa akituruhusu", nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza, je, uliwahi kumwomba? Akanishangaa. "Kumwomba nini? Tulikuwa tunakwenda kanisani." Nikaokota kalamu.

Shahidi wangu bora ni mzee mmoja aliyechunga kondoo maisha yake yote, sasa hatoki nyumbani. Huyu kumbukumbu zake zinaenda kwa minada na misimu ya theluji, mwaka hautaji ila ukimbana. Anajua jiwe la kukanyagia pale ukuta ulipokuwa mfupi, na anajua lilihamishwa na nani. Nilipomwuliza ni nani mwingine bado yuko hai aliyekitumia kijia, akanitajia wawili wa Brechin, mmoja wa Montrose, na mwanamke aliyehamia Kanada akiwa binti. Yule wa Montrose amekataa katakata, hataki ugomvi na jirani wa shemeji yake. Wa Kanada nilimwandikia bila matumaini makubwa. Amejibu siku hiyohiyo, kurasa tatu, pamoja na ramani aliyoichora kwa mkono na kuipiga picha: kanisa, ua, kisima ambacho sikujua kama kilikuwepo, na mti aliokuwa akimfunga mbwa wake kila Jumapili. Mwishoni ameuliza kama mwenye shamba anataka kupigiwa simu, kwa sababu yeye yuko tayari.