Kutoka FFU mpaka mezani
Leo nimekabidhi ofisi jamani, miaka 34 imeisha hivihivi. Nilitoka chuo cha polisi CCP Moshi konstebo mwembamba nikapangwa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, huko ni kushinda kwenye defenda na ngao, helmeti inabana, upepo ukigeuka bomu la machozi mnalila wenyewe (hilo huwa hatuwaambii raia 😂). Nikajua hiyo ndo kazi ngumu, mpaka nilipopanda vyeo taratibu nikawa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya: mafuta ya magari ya wiki yameisha jumatano, askari mmoja anaomba ruhusa ya msiba mwingine kota yake inavuja, na simu ya RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, inaita. Aisee bora ghasia, zile zinaisha jioni. Filimbi yangu ya kwanza bado ninayo, mjukuu anaipuliza tangu asubuhi.