Zana ya majaribio na iPhone ya karani

Fomu ya mavuno niliyowatengenezea wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi ilifanya kazi bila tatizo kwenye Chrome ya kompyuta yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, hadi karani mmoja mwenye iPhone ya zamani aliponieleza kwamba akibonyeza kitufe cha kutuma, hakuna kinachotokea. Chanzo kilikuwa mstari mmoja wa JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za wavuti: nilitumia kanuni ya kuchambua maandishi inayokagua herufi zilizotangulia, ambayo Chrome inaielewa tangu 2017, lakini Safari, kivinjari cha iPhone, haikuielewa hadi toleo la 16.4 la Machi 2023. Safari ya zamani ikikutana na kanuni hiyo hairuki mstari huo peke yake, bali hulikataa faili zima.

Ndipo nilipoanza kutafuta zana ya kuendesha majaribio yenyewe katika vivinjari mbalimbali. Selenium, iliyoanza mwaka 2004, ndiyo kongwe, na huongoza vivinjari halisi kwa kufuata WebDriver, utaratibu wa programu kukiamuru kivinjari, ambao W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliufanya kuwa kiwango rasmi mwaka 2018; lakini ili kuijaribu Safari ya kompyuta ni lazima uwe na Mac, nami sina. Cypress ni nyepesi kujifunza, ila uwezo wake kwa upande wa WebKit, injini ya Safari, bado ni wa kujaribia tu. Nikaangukia Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, kwa sababu huleta Chromium (msingi wa Chrome), Firefox na WebKit hata kwenye kompyuta za Linux, na husubiri kitufe kiwe tayari kabla ya kukibonyeza, hivyo sikulazimika kujaza msimbo wangu sekunde za kusubiri zilizokisiwa. (Kupakua injini zote tatu kulimaliza bando langu la wiki.)

Hata hivyo, ni haki niseme kwamba Playwright isingelinasa kosa la karani yule, kwa kuwa WebKit inayokuja nayo ni mpya kuliko ile iliyomo kwenye simu yake, na tena si Safari yenyewe. Huduma za kukodi simu halisi kwa njia ya mtandao zipo, lakini hulipwa kwa dola kila mwezi, na mradi wangu hauwezi kuzibeba. Kwa hiyo Playwright hukagua kila badiliko ninaloliingiza, kisha kabla ya kutoa toleo jipya ninajaza fomu nzima kwa mkono kwenye iPhone iliyotumika niliyoinunua Majengo, ambayo nimeapa kutoisasisha.